Kijiji cha Chini Kuliko Vyote

Baba yangu, Douwe Hiemstra, aliendesha lori la maziwa kwa miaka thelathini na minane, na maisha yake yote aliogopa kupanda juu. Balbu ya jikoni ikiungua, aliyepanda ngazi ni Mama. Kwetu Friesland jambo hilo halimtii mtu aibu, maana nchi yenyewe ni tambarare, na sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari. Ukipanda tuta la kuzuia maji ukaona kondoo wa jirani, umeshapanda mlima. Mtu anaweza kuzaliwa, akaoa na akazikwa huku hakuna anayejua kwamba ni mwoga wa vilima. Na Baba angejificha vizuri tu, kama asingemwoa Jeltje.

Mama alitaka theluji. Alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee, na miaka ile ndipo watu wa kwetu walipoanza kwenda milimani Februari kucheza skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na mbao miguuni. Alikwenda mwenye bucha. Akaenda mwalimu mkuu. Mchungaji naye akaenda, akarudi na mguu kwenye plasta, akahubiri Jumapili tatu mfululizo akiwa amekaa. Mama akasema basi, imetosha.

"Na sisi?" akamuuliza Baba.

"Sisi tuna kazi. Ng'ombe hawana likizo."

"Ng'ombe si wako, Douwe. Wewe unabeba maziwa tu."

Siku ya pili yake akapitia kwa wakala wa safari pale Bolsward, akarudi na vijitabu vinene vya picha: Austria, Uswisi, Italia, Ufaransa. Baba akaomba aachiwe avisome mwenyewe. Mama akadhani anatafuta bei ya chini. Kumbe wapi! Chini ya kila ukurasa waliandika kijiji kiko mita ngapi kutoka usawa wa bahari, na Baba yangu, na akili zake timamu, alipitia kurasa zote mia mbili na kitu akitafuta kijiji cha chini kuliko vyote. Akakipata. Gsteinach, Austria, mita mia saba na tisini.

"Hiki hapa," akasema, akigonga ukurasa kwa kidole. "Hiki ni cha watu wenye akili."

Mama alifurahi mno hata hakuuliza akili hiyo ni ipi. Mimi nilikuwa na miaka sita, kaka yangu Tjeerd tisa. Februari ilipofika tukapakia viazi kilo ishirini kwenye gari, maana Baba hakuamini viazi vya wageni, tukaondoka alfajiri. Jioni tukaingia Gsteinach. Baba akashuka, akanyoosha mgongo, akainua macho. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kijiji kikiwa chini, mlima wenyewe bado uko palepale. Ulikuwa umesimama nyuma ya kanisa, mweupe, umeziba mbingu.

"Jeltje," akasema, mkono haujaachia mlango wa gari. "Mbona hii hawakuiandika?"

Mama alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Miaka na miaka baadaye mtu akitaka kumchokoza Baba mbele ya wageni, alisema tu "mbona hii hawakuiandika", na Baba alijifanya anatafuta miwani.

Siku tatu za kwanza hakukanyaga mlimani. Alichukua koleo la mwenye nyumba, Bi Rosl, akamfagilia theluji mlangoni, halafu akamfagilia jirani, halafu akafika mpaka kwa mwoka mikate. Bi Rosl akamwambia Mama, "Mume wako ni mfanyakazi hodari, lakini si amekuja likizo?" Siku ya nne Mama akamkamata mkono wa koti akampeleka kwenye mteremko wa watoto, pale ambapo kamba inakuvuta taratibu mpaka juu. Sisi tulikuwa tumeshajua kuteleza, kwa hiyo tulisimama kando kumcheka bila huruma. Alianguka mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya kumi na mbili akashuka mpaka chini wima, mdomo wazi, na alipofika akageuka akatuangalia kama anatudai kitu.

"Tena," akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Viti vile vinavyoning'inia kwenye waya hakuvipanda mpaka mwaka wa saba, tena macho kafumba, na Mama pembeni akimpa umbea wa nyumba ya wazee: nani kamwibia nani meno ya bandia, bibi gani kahamia chumba cha babu gani. Baba akipewa umbea anasahau yote. Alifika juu akiwa anauliza, "Enhe, halafu yule bibi akasemaje?"

Sasa, kuchagua. Nataka nieleze jinsi tulivyokuwa tunachagua, maana siku hizi watu wanachagua kwa simu, wamejilaza, dakika kumi wamemaliza. Kwetu ilikuwa Jumapili ya pili ya Septemba, baada ya kanisa. Mama anaoka keki ya tufaha. Vijitabu vinawekwa mezani. Kila mtu, hata mdogo, ana haki ya kusimama na kutetea mahali pake, na wengine wanyamaze. Baba anakaa na penseli sikioni, mkali kuliko hakimu, anasikiliza mpaka mwisho, halafu anakubomoa.

"Ufaransa," anasema Tjeerd. "Njia za kuteleza kilomita mia na hamsini."

"Wewe una miguu mingapi?"

"Italia," nasema mimi. "Jua kila siku."

"Wale wanakula saa tatu za usiku. Mimi saa tatu nimeshaota ndoto mbili."

"Uswisi, basi!"

"Kule ukikohoa kwa sauti wanaita polisi. Mwingine."

Tukimaliza, tunapiga kura. Na kila mwaka Gsteinach inashinda, kwa sababu Mama alikuwa na kura mbili: moja yake, moja ya aliyeoka keki. Tulipiga kelele, tukamwita dikteta, tukatishia kubaki kwa shangazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kulalamika na wa mwisho kunyamaza. Lakini nikwambie ukweli: kama hata mwaka mmoja tungeshinda sisi, ningelia. Ningelilia ule ukumbi wa Bi Rosl wenye harufu ya nta na soksi zilizolowa, na viatu vyetu vimepangwa kuzunguka jiko la vigae, na yale matonge yake ya mkate ndani ya mchuzi wa moto, mawili kwa mtoto, matatu kwa mtu mzima, manne kwa Baba. Ningelilia kumwona Mama mbele yetu kwenye mteremko na suti yake nyekundu, anashuka huku anaongea, hajali kama kuna anayemsikia. Mungu wangu, yule mwanamke aliteleza vizuri! Chini kwetu alikuwa mpishi wa wazee mwenye magoti ya kuuma. Kule juu hakuwa na umri.

Kijiji kile kina desturi ya kuwaheshimu wageni wanaorudi. Ukifikisha baridi kumi, yaani ukija miaka kumi majira ya baridi, wanakupa beji ya shaba, ishirini ya fedha, thelathini ya dhahabu. Usichangamke, ni bati limepakwa rangi, lina ua la mlimani katikati. Lakini unaitwa mbele ya watu, bwana wa ofisi ya wageni anakukabidhi kwa mkono wake, bendi inapiga, unamiminiwa pombe kali ya matunda. Mama aliipenda beji yake ya fedha kupita kiasi. Kwetu kujionyesha ni aibu, kwa hiyo aliibandika upande wa ndani wa ukosi wa koti la kanisani. Akikutana na mtu anayempenda, anaugeuza ukosi kidogo, haraka, halafu anaurudisha.

Mwaka wake wa thelathini, sherehe ilipangwa Alhamisi. Jumanne alishindwa kuinuka kitandani. Alisema ni mgongo. Jumatano Baba akamlaza kiti cha nyuma, akamzungushia mablanketi ya Bi Rosl, akaendesha kilomita elfu moja bila kusimama ila kwa mafuta. Haukuwa mgongo. Mwezi wa Mei tukamzika, na tulipu tulizopanda naye mwaka uliotangulia zilikuwa zimechanua kila mahali.

Baba hakulia mbele yetu. Ningefurahi angelia. Alichofanya ni kuacha kuchagua. Mimi ni msusi na mkata nywele, kila baada ya wiki sita alikuja dukani kwangu, nikawa namuuliza kama siku zote, "Baba, fupi au tuache kidogo?" Akajibu, "Wewe ndiye fundi." Ukimuuliza atakula nini, "Chochote." Koti gani, "Lolote." Daktari wa macho akamwambia abadilishe miwani, akasema hizi alizo nazo zitamfikisha. Nilielewa zitamfikisha wapi. Na kuna neno moja alilifuta kabisa mdomoni mwake: mwakani. Hakulisema hata kwa bahati mbaya. Jirani akimwambia mwakani tutapaka rangi uzio, anaitikia kwa kichwa na kuingia ndani. Niliogopa, kwa kweli. Niliona baba yangu anatutoka polepole huku amekaa kwenye kochi lake.

Septemba ikafika. Tukakutana kwa Tjeerd, Jumapili ileile ya pili, mimi nikaoka keki, ikaungua upande. Alikuwepo wifi yangu Marloes na mabinti zao wawili, Nynke na mdogo wake. Tjeerd akafungua kompyuta akatuonyesha mahali Ufaransa: majumba marefu, unafungua mlango unavaa skii hapohapo, mita elfu mbili na mia moja.

"Theluji ya uhakika," akasema. "Gsteinach imekwisha, jamani. Tuseme ukweli. Miaka mitano hii tunateleza kwenye utepe mweupe wa mashine, huku nyasi na huku nyasi."

Na alisema kweli. Kijiji cha chini kuliko vyote ndicho kilichokuwa cha kwanza kuachwa na theluji. Wenye akili walichagua vya juu.

"Wifi, usinichukie," Marloes akaniambia, maana aliniona nimenuna. "Wasichana wanataka theluji. Hawawezi kuteleza kwenye kumbukumbu zenu."

Sote tukamgeukia Baba. Penseli haikuwepo sikioni.

"Sawa," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Baba, ni mita elfu mbili na mia moja."

"Nimesikia."

"Utalala huko juu? Wewe?"

"Kulala ni kulala."

"Na viazi vyao?" Nilimchokoza makusudi. "Wafaransa, Baba! Wana viazi gani wale?"

"Watakuwa na wali," akasema. Halafu, kwa upole kabisa, "Au nendeni tu nyinyi. Niacheni nyumbani. Sina neno."

Nikainuka nikaenda jikoni, nikajifanya nakata keki, nikalia. Miaka thelathini mizima alipigana kwa ajili ya kile kijiji, na sasa sina neno!

Jumatatu nikampigia simu Bi Rosl bila kumwambia mtu. Alikuwa amefika themanini kasoro, na bado anapokea simu kwa kufoka.

"Nani?"

"Froukje, Bi Rosl. Binti wa Jeltje."

Akashusha sauti. Halafu akasema beji ya Mama iko kwenye droo ya ofisi ya wageni, ina jina lake, hakuna aliyeigusa. Nikamwomba waitume.

"Beji haitumwi kwa posta, binti. Mtu anakuja, anaitwa, anapigiwa makofi. Ndivyo ilivyo."

"Mwenyewe amekufa, Bi Rosl!"

"Najua amekufa. Unafikiri mimi sikulia? Basi aje mumewe." Akakata simu. Kichwa kigumu yule mwanamke, ndiyo maana alipatana na mama yangu.

Jioni nikaenda kwa Baba nikamweleza. Alikuwa anakunywa kahawa. Akaweka kikombe chini.

"Imeandikwa jina lake?"

"Imeandikwa."

Nje jirani alikuwa anaingiza baiskeli.

"Basi nitaenda kuichukua," akasema. "Nitaichukua, niwaage watu, halafu basi."

"Halafu basi nini, Baba?"

"Basi tu, Froukje."

Kwa hiyo nilimshinda na sikumshinda. Alikuwa amechagua, ndiyo, lakini alichagua mahali pa kumalizia. Tjeerd alinijia juu kwenye simu.

"Unampeleka mzee kaburini kwa Mama mara ya pili, unalijua hilo?"

"Afadhali kaburini kuliko kwenye kochi!"

"Na hakuna theluji! Tutateleza kwenye nyasi, Froukje! Nyasi!"

Tulipayukiana kama tulivyokuwa tukifanya zamani kiti cha nyuma, tukigombea nani kavuka mstari. Mwisho akachoka. Tjeerd ana maneno mengi, lakini kumwacha Baba aende peke yake hawezi. Ufaransa ikafutwa, na mabinti hawakuniamkia wiki mbili.

Februari tukaondoka na magari mawili. Skii za Baba zilibaki bandani. Alisema hana haja nazo. Viazi nilipakia mimi. Alinitazama tu, mikono mfukoni, akauliza za nini, nikamjibu za kula. Njia nzima hakuzungumza ila kunionyesha malori ya maziwa.

Gsteinach kulikuwa kunanyesha mvua. Mlima ulikuwa wa kijani mpaka karibu na juu, na katikati unashuka ule utepe, umeingia rangi ya chai. Nynke akashusha kioo.

"Babu, ni hapa ndipo mlipokuwa mkija miaka yote?"

"Ni hapa."

"Kwa hiari yenu?"

Mdomo wa Baba ukacheza kidogo upande mmoja. Nikauona, nikajipa moyo. Bi Rosl akatoka na aproni, akamshika Baba mashavu yote mawili kwa viganja, akatupeleka vyumbani. Alikuwa ametandika kitanda cha Baba mto mmoja, kwa wema wake. Dakika tano hazikupita Baba akashuka ngazi.

"Bi Rosl, mto umepungua."

Bi Rosl akamtazama, akaenda kabatini, akamletea wa pili.

Wiki ile mabinti waliteleza kwenye utepe na kurudi na matope mpaka masikioni, na kusema kweli walicheka kuliko nilivyotegemea. Baba hakupanda. Alikuwa anazunguka kijijini, nyumba kwa nyumba. Alikwenda kwa mwoka mikate akamshika mkono. Alikwenda kwa mzee wa kibanda cha kamba ya watoto, akakaa naye saa nzima. Alikwenda kanisani, akaenda mpaka kwa yule daktari wa wanyama aliyewahi kumtazama Mama kifundo cha mguu mwaka wa theluji kubwa. Kila anapotoka, anavua kofia. Nikamfuata kwa mbali mara mbili, kama kichaa. Alikuwa anaaga. Kila mlango alioufunga, nilijilaumu kwa nini nilipiga ile simu.

"Ulitaka umwamshe," Tjeerd akaniambia Jumatano. Safari hii hakufoka. "Umemsaidia kumaliza."

Alhamisi saa kumi alasiri tukaingia ukumbi wa zimamoto. Bendi ilikuwa watu wanne, mmoja ana mafua. Wageni wa kuheshimiwa hawakufika kumi, wakati zamani ukumbi ulijaa mpaka nje. Bwana Gebhard wa ofisi ya wageni, na koti lake la kijani lisilofunga tumboni tena, akaanza na mume na mke kutoka Ujerumani, baridi kumi, shaba. Makofi. Pombe. Halafu akavaa miwani.

"Bi Jeltje Hiemstra. Baridi thelathini."

Baba akasimama, akatembea mpaka mbele. Ukumbi wote ukasimama naye, maana wenyeji walimjua Mama, wote walikuwa wameshawahi kupitwa naye kwenye mteremko. Bwana Gebhard akamwekea beji kiganjani. Baba akaitazama, akafunga kiganja, akasema asante kwa sauti iliyokwaruza. Makofi yakaendelea mpaka nikashindwa kupiga. Nikawaza, haya, ndiyo imekwisha. Kesho tunakwenda nyumbani na hakuna kitu tena mbele yake.

Alikuwa ameshageuka arudi kukaa.

"Ngoja, ngoja, hatujamaliza!" Bwana Gebhard akasema, anatabasamu mpaka mashavu yamefunika macho. Akatoa kisanduku kingine. "Bwana Douwe Hiemstra. Baridi thelathini!"

Bi Rosl alikuwa amelipanga hilo, lilionekana usoni pake. Bendi ikapiga. Baba hakunyoosha mkono.

"Hapana," akasema.

Bendi ikanyamaza kipande kipande, wa mafua akawa wa mwisho.

"Samahani?"

"Si thelathini. Hii ni ya ishirini na tisa."

Watu wakacheka. Bwana Gebhard akafunua karatasi zake. "Bwana Douwe, hapa tuna daftari. Familia Hiemstra, kila mwaka bila kukosa, na huu ni wa thelathini na moja."

"Familia, ndiyo. Mimi nilikosa miwili." Akajikuna shingo. "Barafu ilikuja kwetu."

Na mimi, niliyekuwemo ndani ya gari miaka ile yote miwili, nilikuwa nimesahau kabisa! Kwetu kuna mbio za kuteleza kwenye barafu, miji kumi na mmoja, kilomita karibu mia mbili, juu ya mifereji na maziwa yaliyoganda. Hazina tarehe. Barafu ikiwa nene vya kutosha zinatangazwa, ikiwa nyembamba hazipo, na watu wanaweza kungoja nusu ya maisha yao. Mwaka wetu wa tatu wa Gsteinach, baada ya miaka ishirini na miwili bila barafu, zikatangazwa wiki ileile ya safari. Baba alimwambia Mama, tangulieni. Mama akaendesha peke yake kilomita elfu moja, sisi nyuma, anatukana kwa heshima ya Kikristo. Mwaka wa nne zikatangazwa tena. Mama akamwambia, "Douwe, ukibaki safari hii, kaioe hiyo barafu yako." Akabaki. Akamaliza zote mbili, na vidole viwili vya mguu havikupata kuwa sawa tena.

Yote hayo Baba aliwaeleza pale mbele, kwa Kijerumani chake kibovu, na kadiri alivyoeleza ndivyo mgongo wake ulivyonyooka. Ukumbi ulikuwa umevunjika mbavu.

"Douwe, acha ukaidi!" Bi Rosl akapiga kelele kutoka kwenye benchi. "Miaka miwili ni nini? Chukua kitu chako ukae!"

"Sichukui nisichokifikia. Jeltje alikuja thelathini, tena mara mbili akiwa na hasira. Akijua nimechukua hii atanicheka."

"Sasa mimi niifanyeje?" Bwana Gebhard akauliza, kisanduku mkononi, jasho linamtoka. "Jina limeshachongwa!"

Baba akakiangalia kile kisanduku. Niliona midomo yake ikihesabu, ishirini na nane, ishirini na tisa.

"Imebaki mara moja tu," akasema, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Halafu kwa sauti, "Irudishe kwenye droo. Nakuja kuichukua mwakani."

Mwakani! Miezi tisa hakuwahi kulitamka neno hilo. Nikamshika Tjeerd mkono nikaufinya mpaka pete ikaniumiza.

"Umesikia?" nikamnong'oneza. "Amesema mwakani."

"Nimesikia, nyamaza," akasema, na kaka yangu, bwana wa theluji ya uhakika, alikuwa analia machozi mpaka kidevuni mbele ya wazima moto wote wa Gsteinach.

Bwana Gebhard, maskini, alifurahi kupata jambo la kazi. Akachomoa kalamu, akafunua daftari ukurasa mpya.

"Mwakani, wiki hiihii," akasema. "Niandike watu wangapi?"

Baba akageuka. Akatutafuta kwenye mabenchi, akaanza kutuhesabu kwa kidole, polepole, Marloes, Tjeerd, Nynke, mdogo wake, kila mmoja anatazamwa usoni kama anaulizwa kitu, na kila mmoja anaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa wa mwisho. Akaninyooshea kidole, akangoja mpaka nami nikaitikia, halafu akakigeuzia kifuani kwake.

"Sita," akasema. "Andika sita."